Layla: Kilio cha Mmoja, Mikono ya Wengi

Pwani yetu, kijana akianza kuongea peke yake barabarani kwa sababu ya mapenzi, wazee watamwita majinuni. Neno hilo limetoka Kiarabu, na asili yake ni mtu aliyeingiwa na majini, mwendawazimu. Laila nalo si geni kwetu. Ni usiku, neno lile lile lililo ndani ya Lailatulkadiri. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayekutana na wimbo wa Layla wa Derek and the Dominos anakuwa ameshika ncha ya hadithi hata kabla gitaa halijalia. Laila yupo, na mahali fulani lazima yupo Majinuni wake.

Wimbo huu wa mwaka 1970 ni moja ya nguzo za muziki wa roki, na kwa kawaida husimuliwa kwa sentensi moja: Eric Clapton alimpenda mke wa rafiki yake, akakataliwa, akalia kwa gitaa. Sentensi hiyo ni ya kweli. Shida yake ni kwamba inamfanya mtu mmoja kuwa mwenye maumivu na mwenye wimbo pia. Ukiufungua wimbo wenyewe, kipande baada ya kipande, unakuta watu wengi zaidi chumbani. Wengine walilipwa, wengine walisahaulika, na mmoja amekuwa akidai haki yake kwa miaka mingi.

Tuanze na hadithi yenyewe, kwa maana imeutangulia wimbo kwa karne nyingi. Waarabu walisimulia habari za Qays ibn al-Mulawwah, kijana wa Banu Amir aliyempenda Layla na kuutangaza upendo wake kwa mashairi mpaka ukawa fedheha kwa ukoo wa binti. Baba akakataa kumwoza. Qays akapoteza akili, akahamia jangwani kuishi na wanyama, na jina lake likafunikwa na lile la Majnun. Mwishoni mwa karne ya 12, mshairi Nizami wa mji wa Ganja, katika nchi ambayo leo ni Azerbaijan, aliichukua hadithi hiyo na kuitungia utenzi mrefu kwa Kiajemi. Katika utenzi huo Layla anaolewa na mtu mwingine, na wapendanao wanafuatana kaburini bila kuwahi kuwa mke na mume.

Utenzi wa Nizami ulimfikia Clapton kupitia Ian Dallas, rafiki yake wa Kiskochi aliyekuwa amesilimu. Clapton alikuwa na miaka 25. Alisoma habari za mtu anayeungua kwa mwanamke aliyefungiwa kwenye ndoa ya mwingine, akajiona humo. Na kwa haki kabisa, hakuficha deni lake. Kwenye albamu hiyo hiyo kuna wimbo uitwao "I Am Yours" ambao jina la Nizami limeandikwa kama mtunzi mwenza. Mshairi aliyefariki karne nane nyuma alipewa mstari wake kwenye lebo ya sahani. Likumbuke jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

Layla wa Clapton alikuwa Pattie Boyd, mwanamitindo wa London aliyeolewa na George Harrison wa Beatles Januari 1966. Clapton na Harrison hawakuwa watu wa kujuana kwa mbali tu. Mwaka 1968 Clapton ndiye aliyeingia studio kupiga gitaa kwenye "While My Guitar Gently Weeps," wimbo wa Harrison. Walitembeleana, wakapiga gitaa pamoja bustanini. Halafu mmoja wao akaanza kwenda kwa mwenzake akiwa na sababu nyingine.

Hapa kuna jambo ambalo mtunzi wa riwaya angeogopa kulibuni. Bobby Whitlock wa kinanda, Carl Radle wa besi na Jim Gordon wa ngoma walikuwa Wamarekani waliotoka kwenye kundi la Delaney na Bonnie. Mwaka 1970 walikuwa London wakipiga kwenye "All Things Must Pass," albamu kubwa ya Harrison baada ya Beatles kuvunjika. Humo humo, kati ya kurekodi wimbo huu na ule, ndimo walimojiunga na Clapton kuwa Derek and the Dominos. Yaani bendi iliyokuja kumlilia mke wa Harrison ilizaliwa ndani ya kazi ya Harrison mwenyewe.

Mwishoni mwa Agosti 1970 walikuwa Miami, Florida, kwenye studio za Criteria. Aliyesimamia kazi alikuwa Tom Dowd, na huyu ni wa kumtazama vizuri. Akiwa kijana aliwahi kufanya kazi kwenye mradi wa Manhattan, ule uliozaa bomu la atomiki. Baada ya vita akahamia kwenye sauti, akawa injinia wa Atlantic na kurekodi watu kama Ray Charles, John Coltrane na Aretha Franklin. Dowd alijua kitu ambacho wanamuziki wengi husahau: kipaji peke yake hakijazi kanda. Lazima mtu aweke watu sahihi ndani ya chumba kimoja kwa saa sahihi, kisha anyamaze na kubonyeza kitufe.

Ndivyo alivyofanya. Siku hizo hizo alikuwa pia akifanya kazi na Allman Brothers, bendi ya Kusini mwa Marekani. Tarehe 26 Agosti bendi hiyo ilipiga Miami, na Clapton na wenzake wakaenda kuiona. Duane Allman, mpiga gitaa wa miaka 23, alipotupa macho mbele na kumwona Clapton amekaa pale, inasimuliwa kwamba vidole vyake viliganda katikati ya solo. Baada ya onyesho wote wakarudi studio na kupiga mpaka kukakucha. Allman alikuja kama mgeni wa kutazama. Akawa nusu ya albamu.

Wimbo wa Layla ulipofika mikononi mwa Allman ulikuwa wa taratibu, wimbo wa mtu aliyeketi na huzuni yake. Allman ndiye anayetajwa kuleta yale mapigo ya gitaa ya kufungulia, noti saba tu zinazokushika kola kabla hujajua kinachoendelea. Na yeye hakuyatoa hewani. Aliuchukua mstari wa sauti kutoka "As the Years Go Passing By," bluzi aliyoirekodi Albert King kwenye albamu ya mwaka 1967, akauongezea kasi mpaka unyonge wake ukageuka hasira. Huo ndio ugunduzi mkubwa wa wimbo huu kimuziki. Maneno yanapiga magoti na kuomba, gitaa linapiga mlango kwa ngumi. Bila hizo noti saba Layla ingebaki barua nzuri ya mapenzi.

Ukifuata uzi wa bluzi hiyo unafika mahali pa kuvutia. Ilirekodiwa kwanza na Fenton Robinson mwaka 1959, na kwenye lebo mtunzi ameandikwa Deadric Malone. Deadric Malone hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kalamu la Don Robey, mmiliki wa kampuni ya rekodi huko Houston, aliyefahamika kwa kununua nyimbo za watunzi waliobanwa na njaa na kuziandikisha kama zake. Kwa hiyo hata chemchemi ya Layla ina jina la uongo juu yake. Kwenye muziki wa biashara, lebo ya sahani ni hati ya kiwanja. Inakwambia nani amemilikishwa, haikwambii nani alifyeka msitu.

Studioni kazi ilijengwa kama nyumba ya ghorofa. Dowd alikuwa na mashine ya njia 16, na gitaa peke yake lilichukua njia 6: Clapton juu ya Clapton, Allman juu yao wote. Hawakutumia mitambo mikubwa ya jukwaani. Walitumia amplifaya ndogo, za aina anayonunua mwanafunzi wa kujifunzia nyumbani, na kuzifungulia mpaka zikoromee. Allman alivaa kidoleni kichupa cha kioo cha dawa ya mafua na kukitelezesha juu ya nyuzi. Ile sauti kali inayopanda juu, kama mtu anayejaribu kutoroka ngozi yake mwenyewe, ni kioo cha duka la dawa kikipita juu ya chuma.

Hapo wimbo ungeweza kuisha. Una kama dakika tatu, umejaa, umechoka vizuri. Lakini mwenye albamu anajua kwamba baada ya hapo kelele zinashuka na piano inaanza, polepole, kama mtu anayefungua madirisha asubuhi baada ya ugomvi wa usiku kucha. Sehemu hiyo iliongezwa wiki kadhaa baadaye. Mpiga piano ni Jim Gordon, yule yule mpiga ngoma. Clapton alimsikia akiipiga, akaipenda, akaomba iwe mwisho wa Layla. Ndiyo maana lebo inasoma majina mawili, Clapton na Gordon.

Sasa njoo kwa Rita Coolidge. Coolidge ni mwimbaji wa Tennessee ambaye wakati huo alikuwa mpenzi wa Gordon. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2016 anaeleza kwamba muziki huo waliutunga pamoja, yeye na Gordon, kama wimbo uitwao "Time," na kwamba walimpigia Clapton walipokuwa London. Baadaye, anasema, aliusikia ukiwa umeshikizwa kwenye mkia wa Layla bila jina lake. Alipolalamika kwa upande wa menejimenti ya Clapton alijibiwa kwa dharau: wewe ni mwimbaji tu wa kike, utafanya nini? Mtu anaweza kusema hayo ni maneno ya upande mmoja. Lakini Bobby Whitlock, aliyekuwamo kwenye bendi, amemuunga mkono. Na mwaka 1973 Priscilla, dada yake Rita, pamoja na mumewe Booker T. Jones walitoa wimbo wa "Time" kwenye albamu yao. Uweke pembeni ya Layla usikilize. Sikio halihitaji wakili.

Tena kuna jingine. Uhusiano wa Coolidge na Gordon haukuisha kwa maneno. Kwa maelezo yake, mwaka 1970, katikati ya ziara ya Joe Cocker waliyokuwa wakiifanya wote Marekani, Gordon alimwita nje ya chumba cha hoteli na kumpiga ngumi ya uso. Alimaliza ziara akiwa na jicho jeusi, na mapenzi yakaishia hapo. Kwa hiyo ile sehemu tulivu kuliko zote, ambayo wasikilizaji huisikia kama faraja ya Clapton, ilitoka ndani ya mapenzi mengine kabisa yaliyovunjika vibaya zaidi. Wimbo mmoja una vifo viwili vya mapenzi. Mmoja ulipewa jina la binti wa mashairi, mwingine haukupewa hata herufi za mwanzo. Nizami wa karne ya 12 alipata haki yake ya utunzi. Coolidge alikuwa hai, anajulikana, na alikosa.

Boyd naye ana upande wake, na alikaa nao muda mrefu mpaka kitabu chake kilipotoka mwaka 2007. Anasimulia kwamba Clapton alimwita kwenye nyumba moja South Kensington, akaweka kanda, akaupiga wimbo zaidi ya mara moja huku akimtazama usoni. Wazo lake la kwanza, anasema, lilikuwa la hofu: kila mtu atajua kwamba ni mimi. Na alikuwapo mtu mwingine wa kuumia. Mdogo wake Boyd alikuwa kwenye uhusiano na Clapton wakati huo huo. Aliposikia wimbo alielewa kwamba hakuwa yeye aliyekuwa akiimbwa.

Boyd hakumwacha mumewe. Anaeleza kwamba baadaye Clapton alimwonyesha pakiti ya heroini na kumwambia usipokuja kwangu, nitaanza kutumia hii. Hakwenda. Clapton alitumia, akajifungia ndani kwa muda mrefu, mpaka marafiki wakiongozwa na Pete Townshend walipomtoa kwenda jukwaani kwenye ukumbi wa Rainbow, London, Januari 1973. Tumezoea kulisikia tukio hilo kama ushahidi wa ukubwa wa upendo. Likisomwa na aliyeonyeshwa ile pakiti, lina jina jingine. Ni mtu kukabidhiwa uhai wa mwenzake kwa nguvu, kisha kuambiwa kwamba ndiyo mapenzi.

Albamu ilipotoka Novemba 1970 haikutikisa dunia. Uingereza haikuingia hata kwenye chati. Jina la Clapton halikuwa mbele ya jalada, ila mchoro tu wa mwanamke mwenye nywele za dhahabu, kazi ya Émile Frandsen de Schomberg. Wanunuzi hawakumjua Derek ni nani, ikabidi kampuni igawe beji za kueleza kwamba Derek ndiye Eric. Wimbo wenyewe ulikatwa ule mkia wa piano ili utoke kama singo mwaka 1971, na ukaishia nafasi ya 51 Marekani. Ulipotolewa tena mwaka 1972 ukiwa mzima, na mkia wake, ulifika nafasi ya 10 Marekani na ya 7 Uingereza. Ningekuwa Rita Coolidge ningelitazama jambo hilo kwa muda mrefu.

Kufikia hapo bendi haikuwapo tena. Ilivunjika mwaka 1971 ikijaribu kurekodi albamu ya pili. Oktoba 29 mwaka huo huo Duane Allman alifariki kwa ajali ya pikipiki huko Macon, Georgia, akiwa na miaka 24. Hakuwahi kuuona wimbo ukipanda chati, na jina lake halimo kwenye utunzi wake.

Boyd na Harrison walitengana mwaka 1974. Akaenda kwa Clapton, wakaoana mwaka 1979, na Harrison akaja kwenye sherehe yao na kupiga muziki. Majinuni akampata Laila, jambo ambalo Nizami alikataa kulifanya. Ndoa ilipita kwenye ulevi na usaliti, ikavunjika mwaka 1989. Sidhani kama hiyo inaufanya wimbo kuwa wa uongo. Inaonyesha tu kwamba Nizami alijua biashara yake. Mtu anayemlilia Laila kwa sauti ile hamwoni Laila, anaona kilio chake.

Kisha kuna Gordon. Neno majinuni tunalitamka kwa mzaha, lakini ndani ya bendi hii kulikuwa na mtu aliyesikia sauti kichwani mwake kweli. Gordon alikuwa na skizofrenia. Mwaka 1983 alimuua mama yake. Mwaka 1984 akahukumiwa kifungo cha kuanzia miaka 16 hadi maisha, na alifariki Machi 2023 akiwa bado mfungwa, kwenye gereza la tiba huko Vacaville, California. Muda wote huo piano yake ilikuwa redioni, na mwaka 1990 ilisikika kwenye filamu ya "Goodfellas" juu ya picha za maiti zinazookotwa mji mzima.

Januari 1992 Clapton aliurudia wimbo kwa gitaa la kawaida lisilo la umeme, kwenye kipindi cha MTV kilichorekodiwa Bray, Uingereza. Alikuwa amempoteza mwanawe wa miaka minne mwaka mmoja kabla, na aliimba kama mtu ambaye wimbo wa zamani umekuwa mdogo kwake. Noti saba za Allman zimelazwa chini kiasi kwamba watazamaji walichelewa kuutambua. Piano ya mwisho haimo kabisa. Toleo hilo lilipata tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki mwaka 1993, tuzo inayokwenda kwa watunzi. Kwa hiyo Jim Gordon alishinda akiwa gerezani, kwa toleo ambalo halina hata noti moja ya kile kipande kilichomfanya aitwe mtunzi. Na mwanamke anayesema alikitunga naye aliisikia habari hiyo kama wasikilizaji wengine.

Machi 2024 mnada wa Christie's, London, uliuza vitu vya Pattie Boyd: barua alizoandikiwa na Clapton mwaka 1970, picha, na ule mchoro wa jalada, uliokwenda kwa karibu pauni milioni 2. Wako walioguna kwamba anauza mapenzi. Mimi sikuguna. Wanaume wawili walikuwa wameuza nyimbo kuhusu yeye kwa miaka zaidi ya hamsini.

Katika utenzi wa Nizami kuna mahali Layla analalamika kwamba Majnun ana bahati: yeye ni mwanaume, anaweza kwenda jangwani akapiga kelele, na watu wakaja kumsikiliza. Layla anaumia sawa naye, ila lazima aumie ndani ya hema, kimya, asije akaaibisha ukoo. Clapton alikisoma kitabu hicho na kukipenda. Alichukua jina la Layla, akaacha hoja yake.

Wimbo ni mkubwa, na nitaendelea kuupiga nyumbani. Lakini siku hizi nikifika dakika ya tatu hivi, gitaa linapotulia na piano kuingia, simfikirii tena mtu aliyepiga magoti. Namfikiria msichana wa Tennessee ameketi kwenye kinanda mwaka 1970, anatafuta noti inayofuata.